Tone la maji, tone la dawa: icon zangu karibu zimfukuzishe Mama Nekesa kazi

Wakuu, habari zenu. Hii sikuambiwa na mtu, niliifanya mwenyewe, kwa hivyo sitatia chumvi.

Mimi huchora icon za app hapa Nakuru. Shamba moja la maua kule karibu na Kamere lilitaka app ya masupervisor: greenhouse gani imemwagiliwa maji, ingia, gani imepigwa dawa, kaa nje.

Nikachora matone mawili. La bluu maji, la kijani dawa. Umbo moja, saizi moja. Boss wangu akasifu, eti ni clean, na kichwa changu kikavimba.

Wiki ya pili app ikitumika, supervisor mmoja, Mama Nekesa, akaingiza wafanyakazi sita kwenye greenhouse yenye dawa mbichi. Walitoka wakikohoa, macho mekundu. Walipona, asante Mungu.

Lakini yeye akapewa barua: ajieleze kwa manager, la sivyo aende nyumbani.

Nikaitwa nithibitishe kwamba app iko sawa. Boss akaniagiza niseme "user error" nirudi zangu.

Kwanza nikamuuliza mama mwenyewe.

"Kijana yangu, simu tunaifunga na nailoni isiingie maji. Na jua nayo inapiga. Mimi naona tone tu."

Aibu ilinishika, wakuu. Nilichorea ofisini, kwenye kivuli, screen kubwa.

Basi nikaifunga simu kwa nailoni ileile, nikamtoa manager hadi mlangoni mwa greenhouse, juani.

"Manager, hapa tunaingia ama hatuingii?"

Akakodoa macho. "Tunaingia."

Ilikuwa dawa.

Nikasema mbele ya wote waliokuwa pale kwamba kosa ni langu. Barua ikachanwa pale pale.

Siku hizi icon ya maji ni mfereji wa bomba. Dawa ni kichwa chenye mask, ndani ya pembetatu nyeusi nene. Boss wangu analalamika ni mbaya, haifanani na zingine.

Ndiyo maana nimeiweka! Akitaka kunifuta anifute, siibadilishi.

Nilichojifunza: toa rangi zote kwanza. Icon zikibaki mapacha, rudi mezani.

Mnaochora, leteni zenu hapa tuzifunge nailoni. Na mnaosema urembo kwanza, karibuni pia, lakini jibu mtampa Mama Nekesa, si mimi.