Ubeti wa Jirani

Mlango ule sikuwahi kuupigia hodi hata siku moja, na mwezi uliopita niliulipia. Kijana aliyesimama kizingitini, kanzu yake imenyooshwa kama ya bwana harusi, alinitajia kiingilio cha wageni. Nikamwambia mimi mwenyeji, tena wa kichochoro hikihiki. Akanijibu bila ubaya, "Wenyeji hawaji hapa, bi mkubwa." Tukavutana, maana mimi hata nikiuziwa kivuli changu nitaomba nipunguziwe, mpaka akakubali nusu na gilasi ya sharbati juu yake. Nikaingia nikijiona mshindi. Ushindi wenyewe uliisha nilipoketi nikahesabu wenyeji waliokuwa vitini. Nikahesabu tena, kwa mazoea. Alikuwa mmoja, na ndiye mimi.

Ukija Mji Mkongwe siku hizi, rafiki yangu, ikishapita magharibi muziki unakudaka kila kona: huku ngoma, kule gitaa, juu ya mapaa taarabu ya watu wanaokula pweza. Hapa nilipoingia palikuwa uwani kwa jirani yetu. Palipo jukwaa, yeye alikuwa akiweka jiko lake la makaa.

Bibi yangu na jirani huyo walikuwa mashoga tangu sijazaliwa. Madirisha yao yalitazamana, na kichochoro ni chembamba hata anayekuna nazi huku alimjibu anayechambua mchele kule bila kupaza sauti. Jirani hakujaaliwa mtoto. Basi nikawa wake wa nusu siku. Mkate wake wa ufuta, harufu ilifika kwetu kabla ya sahani, na sahani ikishavuka haikurudi tupu. Bibi angeweka visheti, na kama hakuna visheti basi hata ndimu mbili, kwani kumrudishia mtu sahani tupu ni kumwambia hukujali. Mchukuzi wa sahani hizo nilikuwa mimi, na ujira wangu nilijilipa njiani.

Taarabu ya kina mama ilipigwa baada ya alasiri, ghorofani, mtaa wa pili. Siku hiyo ikifika kazi yangu ilikuwa kutunga asumini za kubandika kifuani: kikuba cha bibi na kikuba cha jirani, na ole wangu kimoja kikinona kuliko chenzake. Nguo zilipigwa pasi ya makaa, zikafukizwa udi, kisha tukatoka watatu, mimi katikati. Kule juu kulikuwa na fidla, akordiani, dumbaki, na feni iliyozunguka kama inayolazimishwa.

Desturi ya kutunza unaijua, lakini nikukumbushe. Anayesimama kumtunza mwimbaji hatoi noti tu. Anauchukua ule ubeti unaoimbwa ukawa wake. Ukitunza penye mapenzi, una mpenzi. Ukitunza penye masengenyo, una mbaya wako humo ndani, na ukumbi mzima utageuka kumtafuta. Ndiyo maana watu husikiliza kwanza, wakanyanyuka baadaye.

Siku moja mwimbaji alianza ubeti wa kumsifu jirani mwema, yule anayekufungulia kabla hujagonga. Bibi akainuka. Alikuwa na nia njema na magoti mabovu. Akajishika kiti, akaweka sawa buibui lake, akaanza safari ya kwenda mbele, akicheza kidogo kidogo kama inavyopasa. Njiani ubeti ukamwishia. Alipofika na kunyoosha mkono, mwimbaji alikwishaingia ubeti unaofuata, wa jirani anayekula sahani yako mchana na kukusengenya usiku. Noti ikapokewa palepale. Vigelegele vikapasuka, na kina mama wote wakageuka kumtazama jirani yetu.

Yeye alikitazama kikuba chake. Akakifungua pini, akakilaza juu ya kiti, akatoka.

Mimi nilidhani kesho litakwisha. Kesho yake dirisha lake halikufunguliwa. Siku ya pili alilifungua nusu, akaniona, akasema polepole, "Mwambie bibi yako nshasikia." Akalirudisha.

Nilimlilia bibi avuke akaeleze. Hakuinua uso kutoka kwenye ungo. "Nende nikaseme nini? Kwamba miguu ilichelewa? Bora aniite mbaya wake kuliko kikongwe." Akapepeta, kisha akasema kama anayeuambia mchele, "Na yeye, miaka yote hiyo, hanijui?"

Sahani yake ya mwisho ikabaki kabatini kwetu, ya maua ya buluu, imemeguka ukingo. Kuirudisha tupu lingekuwa tusi. Kuirudisha na kitu ingekuwa kuomba radhi. Ikakaa. Bibi hakwenda tena taarabuni, alisema feni ya kule inamtia mafua. Jirani aliendelea kwenda. Waliokwenda walituambia alikaa kiti cha nyuma, na kila ulipoimbwa ubeti wa mapatano aligeuka kuutazama mlango. Baadaye mpwa wake akamchukua akakae naye Mbweni, nyumba ikauzwa, na habari ya msiba wake ikatufikia watu wameshatawanyika. Bibi alimsomea Yasini peke yake, dirisha wazi. Sasa naye hayupo. Sahani ninayo mimi.

Basi nikakaa uwani kwa jirani na sharbati yangu ya ushindi. Mwimbaji alikuwa mama mtu mzima, sauti bado imo. Bwana mmoja mgeni akaenda kumtunza katikati ya ubeti wa kumlaani mke mwenza, anatabasamu, mkewe anampiga picha. Hakuna aliyegeuka. Nikaona kwamba muziki haukupotea kabisa; upo kila siku, na vipaza sauti vyake ni vizuri kuliko vya zamani. Waliopotea ni wale uliokuwa ukiweza kuwaumiza.

Ulipoanza ubeti wa kuombana radhi nilikuwa nimeshasimama. Magoti yangu nayo si ya kuaminiwa, kwa hiyo nilikaa karibu makusudi. Nikafika ubeti ukingali mbichi, nikatoa. Mwimbaji akanishika mkono na, kama ilivyo desturi, akatazama nyuma yangu kumtafuta mwenye ubeti. Palikuwa na simu zilizoinuliwa, sahani za pweza, na juu lile dirisha la jirani, limefungwa. Akanirudia mimi usoni. Kisha akauimba upya, taratibu, macho yake hayakuniacha, kwani ubeti ukishatunzwa lazima umpate mtu.