Nguo za ndani za Madame Régine

Juzi mutoto wangu Kavira alinipeleka ku magazini tuchague mashini ya kufula. Muuzaji akaona mvi zangu, akajisifu: «Koko, hii inafula yote, hata nguo za ndani!»

Pale pale nikasikia harufu ya sabuni ya kule mutoni Kimemi. Mama yangu Masika alikuwa anamufulia Madame Régine, muke wa mukubwa wa posta. Kwetu, mwanamuke hapana kufulia mwenzake nguo za ndani, lakini muchana moja Régine alizificha katikati ya mashuka. Mama akazitoa na kijiti. Mimi, mutoto bado, nikacheka, nikazani anacheza. Kumbe alikuwa na hasira.

Akazirudisha chafu. Régine akamutupia ku uso.

«Mushenzi we! Kazi imekwisha!»

«Asante, Madame. Mikono uko nayo.»

Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila chumvi miezi mingi. Weye Régine, hata kama ulishakufa, sijakusamehe.