Nilimsema Shangazi Akiwa Amekaa Palepale

Nimekosa, na wewe unayesoma usinitetee. Siku ile sebuleni kwetu Nyanga tulikuwepo mimi, mdogo wangu Novati, Koku kitindamimba wetu, na shangazi yetu Ma Leokadia. Mimi niliongea kana kwamba tuko watatu.

Wazazi walipofariki niliacha shule nilee wadogo zangu. Shangazi akaacha migomba yake Muleba, akaja tusaidiane. Sasa alikuwa anasahau, miguu anaiburuza. Mgeni mmoja anamkaribisha kahawa ya kutafuna mara tatu! Nikamnyang'anya kikapu cha hiyo kahawa ya wageni.

Siku ile Koku alikuwa ametoka naye hospitali.

"Kaka, damu haikutoa jibu la kueleweka. Wanataka wapime maji ya uti wa mgongo, waone kama kuna dalili za ile protini ya ugonjwa wa kusahau inayojikusanya kwenye ubongo."

"Sindano ya mgongo, apooze? Huyu amekwisha! Limebaki ganda tu."

Novati akacheka. "Sema tu, Kaka. Kesho hakumbuki."

Shangazi alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

Nilikataa mwaka mzima, nikijiona nina msimamo. Mwisho Koku alimchukua nikiwa Kemondo kwenye kazi ya kupakia mizigo. Maji ya mgongo hayakuonyesha dalili za ugonjwa ule. Madaktari wakatafuta kwingine, wakakuta maji yamejaa kichwani. Jamani, yalikuwa yanatibika! Wakamwekea mrija wa kuyapunguza, akatembea vizuri. Kumbukumbu zikarudi, si zote. Daktari alisema tumechelewa.

Siku ile ya sebuleni ilirudi yote. Alifunga nguo zake, akarudi Muleba.

Nilimfuata, nikapiga magoti. Alinipokea vizuri mno, akaniletea kahawa kwenye kikapu kwa mikono miwili.

"Karibu, waitu," akaniita kwa heshima kama mgeni. "Habari za safari?"

"Shangazi, mimi si mgeni!"

"Najua wewe ni nani. Tafuna kahawa."

Novati ana mji wake, Koku ameolewa. Nyumba nzima nimebaki mwenyewe. Napika ndizi za watu wawili, halafu nakumbuka.

Wewe mwenye mzee anayesahau, mpeleke apimwe mpaka mwisho. Woga wako usiuite msimamo. Na chunga mdomo wako mbele yake, anasikia!

Mimi bado naenda Muleba. Zamani alikuwa hanioni nimekaa bila kunituma: kata mkungu, leta kuni, funga mbuzi. Sasa nakaa kitini kama mgeni, kikapu kiko mapajani, nasubiri anitume hata maji ya kunywa.

Hajanituma.