Safi na Fifi

Chama chetu cha ushirika kilipoanza kufundisha wapimaji wa pamba, tuliambiwa tungejifunza wawili wawili kwa siku tatu. Lakini barua ilikuwa na sharti: asiyeweza kutenga pamba safi na fifi kwa mikono yake asije, maana atamchelewesha mwenzake. Angerudishwa kwao asubuhi ileile. Nilikuwa nimemaliza masomo karibuni, cheti kikiwa bado kwenye bahasha. Fifi, ile pamba ya madoa na vipande vya majani, niliijua kwa kuisoma tu. Zilibaki siku sita.

Nilitoka Ngokolo kwa baiskeli mpaka kwa mama mmoja mkulima, njia ya Kolandoto, shangazi yake mwenye nyumba wangu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe msomi usiyejua pamba? Kaa hapo."

Akanimwagia mavuno ya siku mbili kwenye jamvi, akarudi shambani kuchuma. Nilishika konzi moja, nikaigeuza, nikaipeleka juani, nikairudisha kivulini. Hili ni doa, au ni uchafu wa kidole changu? Nikikosea huku, mkulima amepunjwa. Nikikosea kule, kiwanda kitalalamika. Kila iliyonitia wasiwasi niliitupa upande wa fifi.

Aliporudi, lundo la fifi lilikuwa limelipita la safi.

"Mayu wane! Mama yangu! Hii ina kosa gani?"

"Niliitilia shaka, mama."

"Shaka ni yako, ng'wana wane, mwanangu, si ya pamba. Rudia."

Nilirudia siku tano. Aliita na majirani waje wamwone msomi anayeiogopa pamba. Siku ya mwisho alilipekua lundo langu la fifi, akatoa konzi mbili tu. "Hizi umenidhulumu. Haya, nenda."

Siku ya mafunzo mkufunzi alitumbukiza mkono guniani, akatoa konzi mojamoja. Ya kwanza safi, ya pili fifi, nilipatia. Ya tatu nilisema safi. Kijana wa Masumbwe niliyepangwa naye akasema fifi, akaifumbua kwa kidole gumba. Ndani mlikuwa na doa la manjano.

"Doa moja tu," nilijikuta nasema. "Litoe, iliyobaki ni safi."

"Gunia zima utalitoa doa mojamoja?" kijana akauliza.

Mkufunzi akatusogezea gunia. "Kaeni hapo mbishane."

Hakunirudisha kwetu, basi nilikaa. Sikuthubutu kuuliza nani kati yetu alikuwa amepatia.