Mama wa Kyoto Alipokuja Shinyalu

Nilipomwambia baba kwamba nimepata ufadhili wa kwenda Japani kusoma dini za huko, aliweka kikombe chake cha chai chini, akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwani yetu umeimaliza?"

Baba ni mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa hapa Shinyalu, na hakuwa anatania. Nilimweleza kwamba shahada yenyewe inahusu pia mazungumzo baina ya dini, yaani jinsi watu wa imani mbalimbali wanavyoweza kuketi pamoja na kusikilizana. Alisema hilo ni jambo zuri sana. Halafu akawasha redio.

Kyoto nilikaa miaka mitatu. Kila Alhamisi tulikuwa na semina ya mazungumzo baina ya dini: mtawa wa Kibudha, padri Mfilipino, dada Mwislamu kutoka Indonesia, na mimi. Tuliketi tukizunguka meza, tukanywa chai ya kijani. Mtawa alisema amejifunza mengi kutoka kwa padri. Padri alisema yeye ndiye aliyejifunza zaidi. Dada alitushukuru sote. Mimi nimekulia mahali ambapo makanisa mawili yanayotazamana hushindana kwa vipaza sauti, kwa hiyo nilisubiri mtu aseme neno moja ambalo mwenzake hatalipenda. Miaka mitatu haikutosha. Kila muhula ulipoisha tulipiga picha ya pamoja.

Dini nilijifunzia kwa mama mwenye nyumba. Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na alinikodishia chumba cha juu. Wiki ya kwanza nilimwendea na daftari langu nikamwuliza yeye ni wa dini gani.

"Sina dini," akasema.

Nikaandika: hana dini. Kesho yake asubuhi nikamkuta amepiga magoti sebuleni mbele ya kabati dogo jeusi lenye picha ya marehemu mumewe. Aliweka kibakuli cha wali wa moto, akawasha kijiti cha ubani, akagonga kikengele, kisha akaanza kumpa marehemu habari za nyumba, ikiwemo kwamba mpangaji kutoka Kenya bado anachanganya takataka za plastiki na zile za kuchomwa. Nilimngoja amalize.

"Jana ulisema huna dini," nikamwambia.

"Sina. Huyu ni mume wangu, namlisha tu."

Nilifuta nilichoandika, na tasnifu yangu ikaanzia hapo.

Mwezi wa nane huwa kuna siku chache ambazo Wajapani hukaribisha wafu wao nyumbani. Mama mwenye nyumba alikuwa akipanga matunda mbele ya lile kabati aliponigeukia na kuuliza, "Kwenu wafu hula nini?"

"Sisi hatuwalishi wafu," nikasema. "Ni dhambi."

Alinitazama kwa huruma. "Kwa hiyo wanashinda njaa?"

Ili asituone watu wabaya, nilimsimulia habari za nyanya yangu, mama yake baba, aliyekuwa Mkristo kamili. Hakukosa ibada. Kila Jumapili aliketi mahali pale pale, pembe ya mbele upande wa kushoto, mpaka miguu ilipomkatalia. Hadi leo wahubiri humtaja kama mfano wa imani. Nikamwambia kwamba sasa yuko mbinguni, na huko hakuna njaa. Aliitikia kwa adabu. Jioni niliona ameongeza chenza moja pembeni ya yale mengine.

"La nyanya yako," akasema. "Amekuja kutoka mbali."

Sikulala vizuri wiki hiyo. Nilimpigia baba simu nikamwuliza watu wetu walifanyaje kabla ya kanisa kuja. "Hayo ni mambo ya giza," akasema. "Huko Japani hakuna vitabu?" Nilijaribu tena na tena. Mara mtandao ulikuwa mbaya, mara ng'ombe ameingia kwenye mahindi. Ng'ombe wetu aliingianga kwenye mahindi kila nilipotaja mababu. Basi katika tasnifu niliandika kwamba wazee wa eneo letu hawana tena kumbukumbu za desturi hizo. Nilipata alama nzuri.

Niliporudi niliajiriwa kufundisha katika chuo kimoja mjini Kakamega. Wanafunzi waliniuliza kama Ubudha utatokea kwenye mtihani. Majirani waliniuliza kama najua karate. Nilipowaeleza kwamba nilisomea mazungumzo, mmoja alishangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kupanda ndege.

Miaka miwili iliyopita mama wa Kyoto aliniandikia kwamba umri unakwenda, na kabla miguu haijachoka angependa kuona kwetu. Nilimpokea Kisumu nikamleta Shinyalu. Baba alikuwa amevaa suti yake ya mikutano ya kanisa. Mama yangu alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, akasonga obusuma, ugali wetu, na mgeni akanawa, akamega tonge, akalibonyeza kwa kidole gumba kama mtu aliyezaliwa hapo jirani Ikolomani. Baba alimtazama akila kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona akisoma ripoti zangu za shule.

Tulipomaliza, mgeni aliniambia, "Muulize baba yako wazee wake wako wapi."

Nilitaka kulilainisha swali. Nimesomea kulainisha maswali. Lakini wote wawili walikuwa wakinitazama, kwa hiyo nikalitafsiri lilivyo, kisha nikageukia shamba la mahindi kuona kama ng'ombe yuko huko tayari.

"Mwambie mama," baba akasema, "nyumba ya baba yangu ilikuwa pale penye migomba. Mbele ya mlango palikuwa na mawe matatu."

Akaeleza yote. Jinsi obusuma ya mavuno mapya ilivyomegwa na kuwekwa pale kabla ya mtu yeyote kuonja. Jinsi damu ya kuku ilivyomwagwa mtoto alipougua. Jinsi baba yake alivyoinama asubuhi na kuwaita waliotangulia kwa majina, mmoja baada ya mwingine, na baba akayataja majina hayo bila kusita. Nilitafsiri huku jasho likinitoka. Mara kwa mara nilimwomba arudie, kwa sababu mambo hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza, sawa na mgeni.

"Kwa nini hukuniambia mimi?" nilimwuliza.

"Wewe ulikuwa unaandika," akasema. "Huyu anauliza. Tafsiri."

Mama wa Kyoto akauliza mawe hayo yako wapi sasa.

Baba alisugua magoti yake. Alisema alikuwa kijana, mwalimu mpya, amebatizwa juzi. Kanisa lilikuwa likijengwa na kila mwumini aliombwa kuleta mawe. "Nikabeba hayo matatu. Nilitaka baba yangu aone kwamba hayana nguvu. Fundi akayatia kwenye msingi."

"Upande gani?" mgeni akauliza.

"Pembe ya mbele," baba akasema. "Kushoto."

Nilisahau kutafsiri. Mgeni alingoja, mikono juu ya mapaja, mpaka nikakumbuka kazi yangu.

"Mama yangu aliniona nikiyabeba," baba akaendelea. "Wakati huo hakuwa mtu wa kanisa kabisa. Lakini siku lilipofunguliwa, alifika wa kwanza, akaketi pembe ile."

"Na ulijua kwa nini?" nikamwuliza.

"Nilikuja kujua baadaye. Sasa ningefanya nini? Nimfukuze kanisani?"

Asubuhi iliyofuata tulikwenda kanisani sote wanne. Mama yangu alikuwa amefunga kipande cha obusuma kwenye jani la mgomba bila kuombwa na mtu. Mgeni alikiweka chini ya ukuta, nje, pale baba alipomwonyesha, akaunganisha viganja na kuinamisha kichwa. Baba alivua kofia. Sijui kama alikuwa anaomba au alikuwa anamheshimu mgeni, na mara hiyo sikuuliza.

Mchungaji akatokea kwenye pikipiki. Ni kijana, ametumwa kwetu juzijuzi, ana bidii. Alipomwona mama wa Kijapani ameinama kando ya kanisa lake, alizima injini, akaja mbio, akanyoosha mikono, na kumshukuru Mungu kwa sauti kwa kumleta binti wa mashariki ya mbali kwenye wokovu. Aliomba kwa muda mrefu. Kisha akaniomba nitafsiri.

"Anakukaribisha," nikamwambia mama wa Kyoto.

"Ni mtu mwema," akasema, akainama tena, na mchungaji akasema amina.

Alirudi kwao salama. Huniandikia mara kwa mara, na baba hunitaka nimsomee kila barua mara mbili.

Mwaka huu kamati ya kanisa iliamua kubomoa jengo la zamani na kujenga kubwa zaidi. Baba si mtu wa kupinga kamati. Lakini siku hiyo alisimama, akaomba ukuta mpya uanzie juu ya msingi wa zamani kwenye pembe ya mbele, upande wa kushoto, kwa kuwa mawe ya zamani ni magumu kuliko ya siku hizi. Fundi alisema hilo litaharibu ramani. Mchungaji alisema heshima ya waanzilishi ni kubwa kuliko ramani, na wajumbe wote wakanyoosha mikono kuunga mkono.

Mimi ndiye katibu. Niliandika kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba hoja ya mzee ilipita kwa sababu za uhandisi.