Sauti Nyuma ya Gunia

Kama uliwahi kutazama filamu ya Kihindi pale mtaani Gatwekera mwaka wa tisini na tisa, ukatoka ukiapa kwamba wale waigizaji walikuwa wakigombana juu ya foleni ya maji na ukubwa wa samaki wa omena, basi ulidanganywa na Wesonga. Tena ulilipa kiingilio ili udanganywe.

Wesonga hakujua Kihindi hata cha kuombea chumvi. Kichina ndio usiseme. Siku za kazi alipaka rangi nyumba za watu, akiitwa. Wikendi alikuwa mtafsiri wa filamu katika ukumbi wa video wa Nicanor, amejibanza nyuma ya pazia la gunia kando ya mlango, maikrofoni mdomoni. Pazia lilikuwa wazo la Nicanor. Alisema watu wakigundua kwamba ile sauti nzito ni ya jamaa aliyewapakia rangi choo, filamu itaisha utamu.

Katika utundu wake alisaidiwa na mkewe, Lenah, aliyefagia saiba moja, duka la intaneti, kule Westlands. Wateja wa pale walikuwa wakichapisha vichekesho vya intaneti, na karatasi zikitoka vibaya zinatupwa. Lenah alizikunjua, akazinyoosha na kuzipeleka nyumbani kwao Gatina. Kulikuwa na picha ya paka aliyevaa miwani. Kulikuwa na kisa cha bwana wa Kanada aliyefungiwa nje na mbwa wake mwenyewe. Mume na mke walisoma wakicheka mpaka jirani anagonga ukuta. Jumamosi ikifika, Nicanor akibadilisha kanda, Wesonga aliwasomea watazamaji. Ila bwana wa Kanada alikuwa amehamia Kawangware, na mbwa alikuwa mbwa wa kasisi.

Sasa basi, mama yake Lenah akafunga safari kutoka mashambani, Chwele. Mtu mmoja wa kanisani, mwenye mdomo usio na mlango, alikuwa amemweleza kwamba mkwe wake hulipwa kusema uongo gizani. Mama akaja kuona mwenyewe, na hakuficha nia: kama ni kweli, angemrudisha binti yake nyumbani mpaka huyo kijana apate kazi yenye jina. Lenah alimweleza mumewe haya yote bila kucheka, na Lenah asipocheka ujue mambo yameharibika.

Mama hakulala Gatina, bila shaka. Kwa Wabukusu, mama mkwe na mkwe wake hawapeani mikono, hawaketi chumba kimoja, hawatazamani usoni. Heshima hiyo haina mchezo. Miaka yote ya ndoa, Wesonga alikuwa amemsikia mama yule kupitia ukuta tu, akiwa chumba cha pili, hivi kwamba sauti yake aliijua kuliko sura. Mama akafikia kwa mdogo wake, Phanice, muuza mboga wa Gatwekera. Jumamosi hiyo Wesonga alijua kwamba mama yuko kanisani, maana kwao Sabato ni Jumamosi. Phanice naye alijua kwamba filamu ni tamu kuliko ibada ya mchana, na hakuomba ruhusa ya mtu.

Filamu ya siku hiyo ilikuwa ndefu, ya kanda mbili. Kulikuwa na dereva maskini, msichana mwenye bangili nyingi, na mama wa msichana ambaye hataki kusikia habari za dereva. Wesonga alipomwona yule mama akafurahi kama mtoto aliyeonyeshwa mandazi. Kumbuka alikuwa na dukuduku la wiki nzima. Akamtoa yule mama India akamleta Chwele. Akampa kuku wa kubeba kwapani, akamfanya alale kanisani akikoroma, aamke wakati wa chai, afunue kila sufuria ya mkwewe na kusema, "Hii ni mboga au ni dawa?" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, akacheka akiwa huko huko chini.

"Na huyo mama," sauti ikasema kutoka katikati ya giza, "amekosea nini akiuliza binti yake anakula nini?"

Wesonga akaganda. Ilikuwa ile sauti ya nyuma ya ukuta, ya mama mkwe. Angetaka kukimbia, lakini akijitokeza nyuma ya gunia angetazamana na mama, na mlango ulikuwa hapo kwenye magoti yake, anayetoka lazima amguse. Mama naye hangeweza kutoka bila kumgusa mkwewe. Walikuwa wamefungiana, na heshima yote ya Chwele ilikuwa imebaki na ulinzi wa gunia moja la viazi.

"Jibu basi," sauti ikasema. "Au huyo dereva hana mdomo?"

Kwenye skrini dereva alikuwa akiimba kando ya mto. Uoga ulikuwa umemjaa Wesonga, na chini ya uoga kulikuwa na uchungu, kwa sababu alimpenda mkewe na hakutaka kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Akaamua kumtuma dereva.

"Mama," dereva akasema, bila kuacha kuimba, "ni kweli sina ofisi. Rangi napaka nikipata. Lakini Lenah hajalala njaa kwangu hata siku moja."

Watu wakageukiana: Lenah ni nani? Tangu filamu ianze, msichana wa bangili alikuwa akiitwa Wakarima. Nicanor, aliyekuwa ameketi karibu na mashine, akafunika uso kwa kofia.

"Chakula hata mbwa hupewa," mama akajibu. "Nauliza kazi. Kuchekesha watu ni kazi?"

"Mama, yeye anaamka kabla ya jogoo, anafagia takataka za watu kutwa, anarudi miguu imevimba. Akifika mlangoni hana neno. Namsomea ule upuzi wa intaneti, naongeza wangu. Anacheka. Akicheka, naona amerudi nyumbani kweli." Sauti nzito ya filamu ilikuwa imemtoka. Ilibaki yake ya kawaida, nyembamba kidogo. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Ukimchukua, mimi nimefutwa."

Kwenye skrini msichana akaanza kulia, na katika benchi za mbele wanawake wawili watatu walilia naye, wakiamini yote ni filamu. Kisha kanda ya kwanza ikaisha, na Nicanor akawasha balbu.

Phanice akainuka, akafungua leso kiunoni na kuitandaza hewani kama ukuta. Kijana mmoja akashika pembe ya pili bila kuulizwa. Wesonga akageuza uso akaubandika kwenye mabati, akavuta magoti mpaka kifuani. Nyayo zikaja polepole, zikasimama upande wa pili wa leso.

"Phanice," mama akasema, maana hangeweza kumwambia mwenyewe, "mwambie huyo mtu wa gunia kwamba mimi sijawahi kukoroma kanisani."

"Amesikia, dada."

"Na kuku huwa nabeba kwa kikapu."

"Amesikia."

Mama akavuta pumzi. "Mwambie kesho narudi Chwele. Mtoto wangu nimemkuta ana kwake. Sina wa kubeba."

Nyayo zikatoka nje. Leso ikashushwa. Nicanor akatia kanda ya pili na kuzima balbu, na picha ikaja: dereva, msichana, ndugu zao wote wakizungumza kwa pamoja.

"Sema basi!" watu wakaanza. "Maze, wanasema nini?"

Wesonga alishika maikrofoni, akafungua mdomo, akalia. Filamu ikaendelea kwa Kihindi kitupu, na watu wa Gatwekera wakakaa kimya wakisikiliza jinsi wale waigizaji wanavyozungumza wenyewe.