Tairi za Matope na Kibuyu cha Mama

Nimebadilisha tairi nyingi maishani mwangu, na kazi hiyo sikuipenda hata siku moja. Watu humwona dereva wa gari la serikali amekaa kwenye kiti, kiwiko dirishani, wakadhani anakula raha. Hawamwoni wakati wa Oktoba amepiga magoti kwenye vumbi, nyundo mkononi, akigombana na mpira uliogoma kutoka kwenye rimu.

Nilikuwa dereva wa ofisi ya kilimo huku Makueni, na Landrova niliyokabidhiwa ilikuwa na tairi za aina mbili. Za kiangazi zilikuwa za kawaida tu. Za mvua zilikuwa za kashata, zile zenye meno makubwa ya kung'ata matope, maana barabara ya kupanda Mbooni ikinyeshewa huwa utelezi mtupu, na gari lisilo na meno hurudi nyuma lenyewe hata ukikanyaga breki. Kila mwaka kabla ya mvua ya Novemba nilivua za kiangazi nikavisha za kashata. Mvua ikiisha, nikazirudisha zile nyingine. Hakukuwa na fundi. Fundi ni mimi.

Na kashata zikiwa hazitumiki zilitaka malezi kama mtoto mchanga. Niliziosha matope yote, nikachokoa vijiwe kwenye meno kwa bisibisi, nikazisimamisha juu ya mbao nyuma ya nyumba yangu na kuzifunika magunia ili jua lisizipasue. Niliendelea kuzigeuza zisije zikakaa upande mmoja. Mbuzi walizipanda, kuku wakataga ndani yake. Nilichopata ni maumivu ya mgongo, na hayo ninayo mpaka leo.

Mama yangu aliishi Kalamba, peke yake tangu baba afariki, na kazi iliponipitisha huko nilisimama kwake nikanywa uji. Alikuwa mtu wa mbegu. Juu ya mafiga, kwenye moshi, alitundika kibuyu chenye mahindi yetu yale madogo yanayokomaa upesi, pamoja na kunde na mbaazi, vyote vimechanganywa na majivu visiliwe na wadudu. Sisi hupanda kwenye udongo mkavu kabla mvua haijaja, ili matone ya kwanza yazikute mbegu chini. Ni kamari, na mama aliijua. Alipanda nusu, nusu akairudisha kwenye moshi. Akiba haiozi, alisema. Mvua ikimdanganya, bado alikuwa na mbegu ya msimu mwingine. Kwake kuomba chumvi kwa jirani haikuwa aibu, wala kuomba kaa la moto. Kuomba mbegu, afadhali alale njaa.

Mwaka ule ambao baadaye tuliuita mwaka wa mahindi ya manjano, tairi za kiangazi ziliisha kabisa. Nyuzi zilitokeza. Nyingine mpya hazikuwepo ofisini, kwa hiyo nikavisha kashata Septemba, anga ikiwa nyeupe na barabara ngumu kama sakafu. Zilinguruma njia nzima. Kila nilipoziangalia roho iliniuma, maana nilijua meno yanalika bure.

Nilipofika Kalamba mama alitoka kunilaki, akanisalimu, kisha akayatazama magurudumu kwa muda. Hakuuliza kitu. Mimi nilikuwa nimechoka hoi. Nilikunywa uji, nikajilaza kwenye benchi kidogo, nikaenda zangu.

Niliporudi Novemba, Kalamba nzima ilikuwa imepanda, na mvua haijaonekana. Jirani mmoja, mama wa makamo, alinisimamisha barabarani.

"Dereva, hiyo mvua yenu iko wapi?"

"Mvua yetu?"

"Si mlivalisha gari viatu vya matope? Sisi tuliona tukasema, hawa watu wa kilimo wamejua. Wako na mashine ya kupima mvua."

Nilicheka. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini watu wa Kalamba mawingu waliyaacha wakatazama tairi zangu. Nilicheka mpaka nikaingia jikoni kwa mama na kuona kibuyu. Kilikuwa kinayumba kwa upepo wa mlangoni. Kibuyu chenye mbegu hakiyumbi.

"Mwaitu," nikamwambia, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "mbegu ziko wapi?"

"Shamba."

"Zote?"

"Zote."

Hasira ikanipanda. "Na wewe pia uliangalia gari? Mwaitu, gari linajua nini?"

"Gari halijui kitu," akasema, bila kuinua macho kwenye maharagwe aliyokuwa akichambua. "Mimi niliangalia wewe. Tangu uanze hiyo kazi unalia juu ya hizo tairi. Mgongo, mgongo. Nikasema, huyu mtoto wangu hawezi kuzivalisha na jua hivi kama hajaambiwa mvua iko karibu."

Nilitoka nikaenda shambani, nikafukua shimo moja kwa kidole. Ndani mlikuwa na ganda la hindi na mchwa. Nikafukua la pili, na hilo kwale walikuwa wametangulia. Mama alikuja nyuma yangu akayafunika mashimo kwa mguu, taratibu.

"Wacha zilale," akasema.

Zililala kweli. Mvua ilinyesha mara moja tu, mbegu chache zikachipua, jua likazichoma. Tukala mahindi ya manjano ya msaada, mama akapanga foleni na wenzake. Foleni haikumwaibisha, kwa sababu kila mtu alikuwa ndani yake. Kilichomkondesha ni kibuyu. Hakukitoa pale juu. Kila nilipopita nilikikuta kimefutwa masizi, hakina kitu.

Msimu uliofuata dada yake aliyeolewa Mbooni, ambako ukungu wa mlimani uliwaonea huruma kidogo, alimletea mbegu bila kuombwa. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akaingia jikoni akakaa huko muda mrefu. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi.

Oktoba ikarudi. Wakati huo ofisi ilikuwa imeleta tairi mpya za kiangazi, nami niliapa kwamba kashata hazitatoka kwenye magunia mpaka nikanyage matope kwa mguu wangu. Nilipopita Kalamba majirani walikuwa wakipanda. Shamba la mama lilikuwa limelimwa vizuri, jembe limeegemezwa ukutani, kibuyu kizito juu ya moshi.

"Hupandi?"

"Bado." Akayatazama magurudumu.

Nikamweleza tena, polepole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Kwamba zile za zamani zilikuwa zimeisha tu. Kwamba hakuna mtu ofisini anayejua mvua, hata bwana mkubwa mwenyewe hupanda kwake kwa kubahatisha.

"Najua," akasema. "Uliniambia."

Nikaenda nikarudi, na jembe lilikuwa pale pale ukutani. Jirani zake walikuwa wamemaliza. Mvua ikinyesha mbegu zikiwa kwenye kibuyu, msimu ungempita, na yeye alijua hivyo kuliko mimi. Lakini mkono wake ulikataa. Alikuwa ameogopa, mama yangu, na sikuwahi kumwona ameogopa shamba.

Jumamosi nilizipakia kashata nyuma ya gari, nikaenda kuzivalisha uani kwake, jua la saa sita likiwa utosini. Nilipiga jeki, nikafungua nati, nikakanyaga mpira, nikagonga, nikatukana kimoyomoyo. Gurudumu la nyuma kulia lilinisumbua kama kawaida yake. Majirani wakaja kusimama kwenye ua.

"Umesikia nini, dereva?"

"Sijasikia kitu."

Hawakuniamini. Mama alikaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, akanitazama kuanzia nati ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipomaliza, mikono imekuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, aliinuka akatoa kibuyu. Alimimina mbegu kwenye kiondo, akakadiria kwa macho, akasimamisha mkono katikati. Kisha akakirudisha kibuyu juu ya moshi na nusu yake ndani.

"Hizo umevalisha kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mvua," akasema. "Nitapanda. Lakini nusu inabaki."

Nikanawa kwa sabuni, grisi ikakataa kutoka, nikachukua jembe hivyo hivyo na kumfuata. Yeye alidondosha mbegu, mimi nikachimba mashimo mbele yake, mgongo unawaka, na juu yetu hapakuwa na wingu hata moja.